Kiti cha Anayeitwa

Mwanahawa Kidima alisoma maneno mawili tu, yaliyoandikwa kwa wino mwekundu chini ya insha yake ya kwanza chuoni: "Njoo ofisini." Wenzake, watoto wa watu waliozoea ofisi, wangeyasoma wakaenda zao kunywa chai. Yeye aliyasoma kama barua ya kufukuzwa. Kwenye shamba la mkonge alikokulia, mtu akiitwa ofisini harudi tena kukata, kazi imekwisha. Baba yake aliwahi kuitwa hivyo, na alipompigia simu kumweleza, mzee alisema kwa upole, "Usibishane nao, mwanangu. Funga vitu vyako kabla hujaenda, usije ukalia mbele yao ukivikusanya." Basi akafunga kila kitu, hata kandambili. Mchana ule wa joto akajinyoosha kitandani apumzike kidogo kabla ya kwenda, na usingizi ukamchukua na machozi yake mashavuni.

Akajiona katika nchi ya mkonge usio na mwisho, mistari imenyooka mpaka macho yanapokomea, naye begi lake mkononi. Njiani alikuwa akisubiriwa na mwanamke aliyejitanda kanga nzuri ya kizamani, ambaye alimpokea lile begi bila kuombwa. "Mimi ni Staha," alisema. "Mwenye staha hasumbui wakubwa. Haulizi, habishi, na huondoka kabla hajaambiwa. Twende, naijua njia ya nyuma." Sauti yake ilikuwa tamu, na Mwanahawa akamfuata, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa, na kwa kuwa, kusema kweli, alikuwa amechoka. Kando ya njia waliyapita mabegi mengi yaliyofungwa vizuri na kuachwa. Akauliza wenyewe wako wapi. "Waliondoka kwa adabu," mwanamke akajibu bila kugeuka.

Mbele kidogo wakamkuta mwanamke mwingine akikata mkonge, mabega wazi, viganja vimeota sugu kama vya baba. Alipomwona yule wa kanga alicheka kwa uchovu. "Aibu," akasema, "kanga yangu utairudisha lini?" Aibu akainamisha macho.

"Staha ni mimi," mkata mkonge akamwambia. "Tangu uanze chuo unanyamaza darasani ukidhani unaniheshimu, kumbe unamfuata huyu. Simlaumu sana; wazazi wako walipokosa pa kushika, alikuwa nao. Ila anakokupeleka si kwako. Njoo uchungulie kwanza." Akamwongoza hadi kwenye nyumba ndogo yenye dirisha la kioo. Ndani, baba yake, bado kijana, alikuwa amesimama mbele ya meza, kofia mkononi, na nyuma ya meza limekaa jitu liitwalo Hofu. Chumba kizima kilikuwa na kiti kimoja. Mwanahawa alitamani kuvunja kioo aingie amkumbatie. "Nenda kwenye ofisi uliyoitwa wewe," Staha akasema, "utazame viti. Ukikuta kimoja, ondoka, na begi nitakubebea mwenyewe. Ukikuta viwili, kaa." Kisha akaichukua kanga kutoka kwa Aibu, taratibu, kama mtu anayemvua mtoto nguo iliyolowa, akamtanda Mwanahawa mabegani.

Aliamka jua limehamia ukutani. Begi lilikuwa mlangoni, limefungwa kwa mikono yake mwenyewe, na hapo akaelewa. Hakuna aliyekuwa amemfukuza. Alikuwa karibu kujifukuza, tena kwa adabu. Akanawa uso, akaliacha begi pale pale, akaenda kubisha hodi.

Jioni akapiga simu. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wamesemaje?"

"Mwalimu anasema nimeandika vizuri, ila mwishoni nimeogopa kusema ninachofikiri. Anataka tuipitie insha pamoja."

Ni kama mzee hakuyasikia hayo. "Walikusimamisha muda mrefu?"

"Hapana, baba. Kulikuwa na kiti."

"Chako?"

"Changu."

Mwanahawa akamsikia baba yake akivuta pumzi, mara moja, kisha tena.

"Basi fungua begi, mwanangu," akasema.