Ndiyo kwa Kila Swali

Mimi sipendi kuamka alfajiri. Nasema hili mapema ili mtu asinitafutie visingizio: niliyoyafanya niliyafanya kwa sababu ya usingizi na kiburi, na kiburi ndicho kilichokuwa kingi.

Ofisi yetu inahesabu wagonjwa. Tangu ugonjwa wa kuhara uingie, kila kituo cha afya hutuma orodha yake kwa simu kabla ya saa sita usiku. Programu ya takwimu inajumlisha, na saa kumi na mbili asubuhi taarifa inamfikia mkuu wetu pamoja na dereva wa lori la dripu. Kituo chenye wagonjwa wengi ndicho kinachopelekewa kwanza. Lori ni moja tu, na saa moja linaondoka.

Kabla yangu kazi hiyo ilikuwa ya mama mmoja tuliyemwita Bi Saa Kumi, maana saa kumi alfajiri alishakuwa kitini na chupa yake ya chai, anaendesha programu hatua kwa hatua. Programu yenyewe ina maswali kama mama mkwe. Ikiona jambo halieleweki inasimama na kuuliza: niendelee, ndiyo au hapana? Bi Saa Kumi alikuwa anavuta simu, anapiga huku na huku, ndipo ajibu. Mimi nilikuwa namcheka. Alipostaafu nikaipangia kompyuta ianze yenyewe saa nane usiku, na ili isikae ikisubiri mtu nikaongeza mstari mmoja: kila ikiuliza, jibu ni ndiyo. Siku ya kumuaga nikajigamba mbele ya watu. Yeye akauliza tu maswali ya programu sasa atajibu nani. Nikamwambia yatajijibu yenyewe, na ofisi nzima ikacheka.

Miezi miwili nililala fofofo. Mkuu akaahidi kuniajiri kwa kudumu, na barua ilikuwa itiwe sahihi siku hiyo ninayoisimulia.

Nilifika saa moja na dakika tano, nimevaa gauni la kupokelea barua. Nikafungua taarifa nijisifu kidogo. Vituo kumi na moja, safi kabisa. Kile cha mtoni, anakofanya kazi dada yangu, kimeandikwa sifuri. Nikafurahi, nikasema leo dada atapumzika. Halafu jicho likarudi lenyewe kwenye safu ya jana: thelathini na wanne.

Watu thelathini na wanne hawaponi usiku mmoja. Nikafungua kumbukumbu za usiku, ambazo tangu nizianzishe sikuwahi kuzisoma hata siku moja. Saa nane na dakika nne programu iliuliza: orodha ya kituo cha mtoni haijafika, nihesabu sifuri niendelee? Chini yake kulikuwa na jibu langu.

Nikampigia dada. Mara ya tatu ndipo akapokea, na nyuma yake nilisikia ndoo zikiburutwa na mtoto akilia. Dada yangu ni mtu wa maneno, ukimsalimia tu anakupa habari za ukoo mzima. Siku hiyo hata salamu hakunipa.

"Wamefika sitini na mmoja," akasema. "Tuko wauguzi wawili. Nimekosa hata mkono wa kushika simu nitume orodha. Dripu zimebaki nne. Lori liko njiani?"

"Ndiyo," nikasema.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Lilinitoka tu. Nikakata simu, nikakimbilia dirishani, na uani hapakuwa na kitu. Dereva wetu tunamwita Kobe kwa uzito wake, lakini siku hiyo aliondoka kwa wakati, dripu zote mgongoni, akashika njia ya milimani kwenye kituo chenye wagonjwa kumi na tisa. Akishavuka daraja, simu haimpati tena. Toka ofisini hadi darajani ni dakika ishirini, na yeye hageuzi lori kwa amri ya mtu mwingine ila mkuu.

Mkuu alikuwa mezani, barua yangu mbele yake na kalamu juu ya barua. Uongo nilikuwa nao tayari ulimini: mtandao ulikatika usiku. Ungepita vizuri. Ila namjua yule bwana, angesema kwanza tuwaulize watu wa mtandao, na Kobe angevuka daraja sisi bado tunaulizana.

"Sifuri ya mtoni si kweli," nikamwambia. "Wako sitini na mmoja. Programu iliuliza usiku, nami nilishaifundisha ijijibu yenyewe. Mpigie Kobe sasa hivi, mimi utanifanya unavyotaka baadaye."

Alinitazama, akachukua simu. Ikaita ikakatika. Ikaita tena, haikupokelewa. Mara ya tatu Kobe akapokea. Alikuwa amesimama hatua chache kabla ya daraja, anakunywa chai. Sijawahi kuushukuru uvivu wa mtu kama siku ile.

Barua ilirudi kwenye droo bila sahihi. Mchana nikaufuta ule mstari. Nikaipangia programu inipigie simu kila inapokwama, hata iwe saa nane. Kiburi changu kilikuwa kimenitokea puani.

Dada alinipigia jioni, sauti imemkauka. Lori lilifika saa tatu kasorobo, dripu zikawatosha wote waliokuwepo. Ila saa mbili alibakiwa na dripu moja, na mbele yake mama na mwanawe, wote wawili hoi. Mama akasema apewe mtoto, yeye atasubiri. Mara mbili aliuliza kama lori linakuja kweli, na mara mbili dada akamwambia kuwa mimi mdogo wake nimemhakikishia liko njiani. Akasubiri. Lilipopiga honi getini yule mama alikuwa ameshakata roho.

Kobe alikuwa ameshamweleza kwamba asubuhi alielekea milimani.

"Uliponiambia liko njiani," akasema, "ulikuwa unajua haliji kwetu?"

Nilikaa na lile swali muda mrefu, kisha nikamjibu ndiyo.