Mistari Minne ya Maungio ya Inokura

Kampuni ya reli ilipomwandikia shangazi yangu barua ilisema "kifaa chako". Baba alikiita kidude cha dada. Mimi nilikiita kibana, na jina hilo ndilo lililobaki, maana Shangazi Tamae mwenyewe hakukipa jina lolote. Ni kipande cha chuma cha springi kilichokunjwa kama sikio. Unakivalisha kwenye bolti juu ya nati, basi nati ikitaka kurudi nyuma, meno yake mawili yanang'ata thredi za bolti na kuikatalia. Ni hivyo tu. Ukikikuta barabarani utadhani kimedondoka kwenye mwavuli wa mtu.

Alikitengeneza kwa sababu ya bega la Baba. Reli yetu ni ya zamani, vipande vimeungwa kimoja kimoja kwa bolti nne kila maungio, na treni ikipita inazitikisa, na nati zikitikiswa zinalegea. Huwezi kuzizuia. Kila Jumanne Baba anatembea kutoka stesheni ya Inokura hadi kwenye handaki na spana ndefu kuliko mimi, anakaza. Jumanne inayofuata zimelegea, anakaza tena. Ana miaka hamsini na mitatu. Zamani walikuwa watu saba, sasa wako wawili tu, yeye na Bwana Kurumizawa, ambaye alishastaafu wakamrudisha.

Mwaka Mpya mmoja tulikuwa tunatwanga mochi, wali wa kunata wa sikukuu, kwa Shangazi. Baba akainua mchi mara tatu, mara ya nne mkono ukagoma. Akacheka, akasema mchi umekuwa mzito mwaka huu. Shangazi hakucheka. Karakana yake inatengeneza springi za makasi ya kupogolea miti, na kila mwaka haifunguliwi mpaka tarehe saba. Mwaka huo aliifungua tarehe nne.

Kibana kilimchukua miaka mitatu, na barua sijui ngapi. Mwishowe kampuni ikakubali jaribio moja. Maungio mamoja, yale ya kwenye kona, hatua chache kutoka mwisho wa jukwaa la stesheni. Nati nne. Siku mia bila kukazwa. Zote nne zisisogee hata kidogo. Ikisogea moja, basi, na wasiandikiwe tena.

Utajuaje kama nati imesogea? Kwa mstari. Ukishakaza, unachukua brashi ndogo unapiga mstari mweupe mmoja kuanzia kwenye nati kupanda hadi kwenye ncha ya bolti. Nati ikizunguka, mstari unakatika, nusu huku, nusu kule. Watu wa reli hawaamini kitu kama wanavyouamini ule mstari. Baba akipita anaunyooshea kidole na kusema kwa sauti, "Nati ya kwanza, sawa! Nati ya pili, sawa!" hata akiwa peke yake, hata mvua ikimnyeshea mdomoni. Zamani nilikuwa naona aibu wenzangu wa shule wakimsikia.

Siku ya mia iliangukia siku ya kumbukumbu ya kuanzishwa shule yetu, kwa hiyo nilikuwa nyumbani. Nikamsindikiza Shangazi. Nilibeba matonge ya wali na chupa ya chai ya shayiri, yeye alibeba mfuko wake wa vifaa, ingawa hakuna aliyemwambia alete vifaa. Mkaguzi kutoka makao makuu, Bwana Habuka, angefika na treni ya saa nne na dakika arobaini.

Bwana Kurumizawa alitupokea mwisho wa jukwaa, amevaa glavu mpya. Alikuwa amefyeka nyasi. Kokoto zilikuwa zimesawazishwa kama bustani ya hekalu.

"Mama mwenye karakana, karibu, karibu! Umeonaje? Si kumependeza?"

"Kumependeza, Bwana Kurumizawa," Shangazi akasema. "Umejichosha."

"Aa, mgeni wa makao makuu anakuja, tumwoneshe magugu? Njoo uone na zile nati zako. Hazijawahi kung'aa hivi."

Tukashuka. Baba alikuwa amechuchumaa pale kwenye maungio. Nikachungulia juu ya bega lake.

Mistari minne ilikuwa myeupe pe. Jana yake nilikuwa nimeiona kutoka jukwaani, imefifia, imejaa vumbi la kahawia la breki. Sasa ilikuwa kama maziwa. Na yote minne imenyooka, kuanzia kwenye nati hadi kwenye ncha ya bolti.

"Nani amepaka?" Shangazi akauliza.

"Mimi," Bwana Kurumizawa akasema, bado anatabasamu. "Jana jioni. Ilikuwa imechakaa, haionekani vizuri. Miaka arobaini napaka mistari hii, mkono wangu hautetemeki hata..."

Nafikiri ndipo alipoelewa. Kila siku ya maisha yake kazini, mstari ukichakaa unapakwa upya, ndiyo kazi njema. Lakini siku zote hizo nati ilikuwa imekazwa kwanza. Hizi hazikukazwa. Kama moja ilikuwa imesogea, na mstari wa zamani umekatika, yeye amepiga mwingine mpya juu yake, umenyooka, na hakuna atakayejua.

Akavua kofia. Akainama mpaka nikaona kisogo chake chote. "Nimefanya nini mimi? Mama, nimefanya nini?"

"Inuka, Bwana Kurumizawa. Treni haiko mbali."

Baba akasema polepole, haangalii mtu, "Dada. Imenyooka."

"Naona."

"Atakuja, ataangalia, ataona imenyooka. Ataandika sawa. Na pengine kweli iko sawa. Mimi naamini iko sawa."

"Wewe unaamini. Mimi je?"

"Wewe ndiye uliyekitengeneza kibana!"

"Ndiyo maana nakuuliza. Vikifungwa vibana elfu nane kwenye njia nzima, nawe ukaacha kukaza kwa sababu dada yako kasema havilegei, halafu vikalegea, utanitafuta wapi? Utakuwa umelala chini ya behewa."

"Miaka mitatu, dada."

"Nilikuwepo yote mitatu, usinihesabie."

"Ukimwambia, anafuta jaribio."

"Na afute."

"Kichwa kigumu! Tangu ukiwa mdogo."

"Na wewe bega bovu. Sogea, unanizibia mwanga."

Mimi nilikuwa nimeshika ile chupa ya chai kwa mikono miwili. Nilitaka Shangazi anyamaze. Nasema ukweli. Nilitaka Bwana Habuka aangalie, aandike, aondoke, na Jumanne inayofuata Baba abaki nyumbani na bega lake.

Bwana Habuka akashuka kwenye treni ya behewa moja akiwa na mkoba na kofia ya kazi mkononi. Ni mwembamba, anaongea kama anasoma. Kabla hajamaliza kusalimia, Shangazi alishamwambia yote. Hakumtaja Bwana Kurumizawa, alisema tu, "Mistari imepakwa upya jana, kwa bahati mbaya." Lakini Bwana Kurumizawa akajitokeza mbele mwenyewe, akainama tena. "Ni mimi. Hawa hawakujua."

Mkaguzi akaangalia mistari. Akaangalia karatasi yake. "Basi hakuna cha kukagua," akasema. "Alama ikiguswa, jaribio limebatilika. Pole, mama. Nimetoka alfajiri."

"Alama haijaguswa," Shangazi akasema. "Imefunikwa. Ile ya zamani iko chini."

"Chini ya rangi."

"Rangi ya jana haijakauka vizuri, usiku kulikuwa na ukungu. Ile ya chini imekaa juani siku mia. Thina ya kuyeyushia rangi itaila hii kabla ya ile. Nipe mpaka treni ya kurudi."

Bwana Habuka akaangalia saa. Treni ya kurudi ilikuwa baada ya dakika hamsini. Nadhani alikuwa hana pengine pa kwenda. "Haya," akasema. "Mbele ya macho yangu. Na mlinzi awepo."

Baba akachukua bendera na filimbi, akaenda kusimama kwenye kona. Ndiyo sheria, hakuna anayepiga magoti relini bila mtu wa kumtazamia treni, hata kama reli yenyewe inapitiwa na treni chache tu kwa siku.

Shangazi akatoa kopo la thina kwenye mfuko wa vifaa, akalowesha kitambaa, akaanza nati ya kwanza. Akasugua mara moja, mbili. Rangi mpya ikatoka. Akasugua ya tatu, na ya zamani nayo ikatoka. Palibaki chuma kitupu.

Shangazi akaangalia kitambaa, akaangalia vidole vyake vilivyoungua mara nyingi mpaka vimekuwa kama ngozi ya kiatu.

"Mkono wangu mzito," akasema. "Sihisi kitu. Chizuru, njoo."

"Mimi?"

"Kuna Chizuru mwingine hapa?"

"Shangazi, nikiharibu..."

"Ukiharibu tutajua umeharibu. Piga magoti."

Bwana Kurumizawa alikimbia stesheni, akarudi na pamba za masikio kutoka kwenye sanduku la huduma ya kwanza. Nikachovya moja kwenye thina, nikaikamua pembeni ya kopo ibaki na unyevu tu. Nikaigusisha kwenye nati ya pili, sikusugua, niliizungusha. Ikawa nyeupe. Nikaitupa, nikachukua nyingine. Kokoto zilikuwa zinaniuma magotini na Bwana Habuka alikuwa ameinama karibu sana mpaka nasikia anavyopumua, na mimi mtu akiniangalia hata kalamu inanidondoka. Nikajiambia angalia rangi tu. Rangi tu.

Pamba ya sita, weupe ukabadilika. Chini yake kulikuwa na rangi nyingine, ya manjano kidogo kama jino, ngumu, haitoki.

"Simama hapo!" Shangazi akasema. "Hapo hapo."

Mstari wa zamani ulikuwa umepanda kutoka kwenye nati hadi kwenye bolti bila kukatika. Bwana Habuka akatoa kioo cha kukuzia, akaangalia muda mrefu. Halafu akanyoosha kidole na kusema kwa sauti ile ile anayotumia Baba, "Nati ya pili, sawa!"

Kwenye ya tatu filimbi ikalia. Tukapanda jukwaani nyuma ya mstari wa njano, treni ya kubeba mbao ikapita polepole, magurudumu yanagonga maungio, ta-ta, ta-ta, na mimi naangalia nati zangu zikitikisika pale chini na thina juu yake. Ikaisha. Nikapiga magoti tena.

Ya tatu, sawa. Ya nne ilinipa shida, Bwana Kurumizawa alikuwa amepaka mara mbili.

"Samahani," akaninong'oneza. "Hiyo niliipenda zaidi."

"Bwana Kurumizawa," Shangazi akasema, "usinichekeshe, nitamgonga mtoto."

Ya nne, sawa.

Bwana Habuka akasimama, akajipangusa magoti. Akaandika. Shangazi akachungulia karatasi bila aibu.

"Ya kwanza umeandikaje?"

"Bado."

"Andika haijulikani. Mimi ndiye niliyeifuta."

"Masharti ni nne kwa nne, mama. Tatu si nne. Siwezi kuandika imefaulu."

"Sijakuomba uandike imefaulu."

Baba alikuwa amerudi, bendera chini ya kwapa. Niliona uso wake. Alikuwa anajua hivyo tangu mwanzo.

Mkaguzi akageuza karatasi. "Lakini hapa kuna sehemu tatu," akasema. "Imefaulu. Imeshindwa. Haijakamilika. Sijawahi kuona mtu akitumia hii ya tatu." Akaweka alama. "Haijakamilika maana yake inaendelea. Ila si hapa. Hapa ni kona tu. Nataka mdomo wa handaki, pale maji yanapodondoka na kuganda. Nati ishirini. Kuanzia Jumatatu mpaka theluji iyeyuke."

"Pale mdomoni?" Baba akasema. "Bwana mkaguzi, pale mimi mwenyewe nakaza mara mbili kwa wiki! Pale ndipo pabaya kuliko pote."

"Ndiyo maana," Bwana Habuka akasema.

"Jumatatu saa ngapi?" Shangazi akauliza.

"Saa tatu."

"Sawa. Na mistari utapaka wewe mwenyewe."

"Nitapaka mimi. Na kopo la rangi nitaondoka nalo."

Bwana Kurumizawa akatoa brashi yake mfukoni, akamkabidhi mkaguzi kwa mikono miwili. Ilikuwa brashi nzuri, mpini umelainika kwa kushikwa.

Tukala yale matonge ya wali jukwaani, sisi watano. Bwana Habuka alikula mawili. Treni yake ilipoondoka Shangazi hakungoja hata ipinde kona, alishaanza kutembea, nami nyuma yake nakimbia na chupa tupu.

"Ishirini," akasema. "Vinne vipo. Kumi na sita. Na baridi ya pale itakifanya chuma kiwe kama biskuti, hata hivi vinne nilivyovipasha havitafaa. Lazima nipunguze moto."

"Utapunguza kiasi gani?"

"Sijui. Leo ni Alhamisi. Tutajua kabla ya Jumatatu."

Alisema tutajua, siyo nitajua. Karakana ilikuwa baridi. Akawasha tanuru, akanirushia glavu na miwani ya kazi ambayo inanidondoka puani, akakata kipande cha chuma. Akakipasha, akakichovya kwenye mafuta, akakiweka kwenye jiriwa na kukikunja kukijaribu.

Kikapasuka. Kipande kimoja kiliruka mpaka mlangoni.

"Moto mwingi bado," akasema, na kunyoosha mkono nimpe kingine.