Upinde wa Baba Mkwe

Mimi Mbambu sijui kunyamaza, na Kabalagala nzima inalijua hilo. Kwa hiyo harusi ya Exaucée ilipotaka kukwama, watu walinitazama mimi, kana kwamba ndimi niliyeikwamisha.

Exaucée ni binti wa kaka yangu Zéphyrin, fundi redio wa Old Kampala. Mwaka ule jiji lilipopakwa rangi kwa ajili ya wageni wa Jumuiya ya Madola, alipata mchumba: Travis Oyugi, Mjaluo wa Kisumu, seremala wa Ntinda. Kijana mpole, kabati zake zinafungwa kwa kidole kimoja. Nilimpenda siku ya kwanza, nikaificha siri hiyo asije akavimba kichwa.

Sasa, ukoo wetu una jambo lake. Sisemi Wanande wote, nasema ukoo wetu tu, tulioondoka na jambo hili Butembo, kule Kongo, na kuvuka nalo mpaka. Anayetaka binti yetu huchonga upinde kwa mkono wake, na siku ya posa baba wa binti huuvuta mbele ya wageni na kurusha mshale mmoja. Upinde ukikubali, posa imepokelewa. Ukivunjika au ukigoma, wageni wanakula na kurudi kwao, na kijana anasubiri mpaka kiangazi kingine mti ukatwe upya. Exaucée hakutaka hata kusikia neno kiangazi.

Travis alitafuta mti wa mkole njia ya Luweero, akauanika hadi ukakauka vizuri, kisha akauchonga kama mguu wa meza. Randa, msasa, vanishi ya kung'aa. Vifundo vyote alivisawazisha. Ulipendeza mno, na alipoupinda mbele yangu ukakatika palepale alipokuwa amekata kifundo.

"Umenyoosha mti usiotaka kunyooka," nilimwambia. "Kifundo unakizunguka, unakiachia nyama."

"Lakini Tantine, kwa kiti hiyo ingekuwa aibu," akasema, akiniita shangazi kwa Kifaransa kama Exaucée.

"Zéphyrin hatakuja kuukalia."

Vile vipande nilivipikia maharage. Upinde wa pili aliuchonga kutoka kipande kilichobaki cha mti uleule, akifuata nyuzi zake zilivyojiendea. Mgongo wake aliuacha kama ulivyozaliwa, na tumbo akalikwangua kwa kipande cha chupa, kidogo kidogo, akiupinda na kuutazama, akiupinda tena. Vanishi nilimkataza. Akaupaka mawese na kuusugua kwa kitambaa mpaka ukawa mwekundu, akasokota kamba ya mkonge. Ulikuwa umepinda hapa na pale, na ulikuwa mzuri kuliko ule wa kwanza.

Kabla haujakamilika nilimtuma akampime baba mkwe wake. Upinde huo si wa kijana, ni wa mzee atakayeuvuta. Kwetu kijana humwendea baba wa binti, humshika bega, huuvuta mkono wake taratibu aone unafika wapi na nguvu zinaishia wapi. Lakini Travis amelelewa kwamba baba mkwe anaheshimiwa kwa mbali. Akaketi kiti cha karibu na mlango, akanywa chai, akampima kaka yangu kwa macho kama anavyopima ukuta wa kuweka kabati. Na Zéphyrin siku hiyo alivaa lile koti lake la mtumba lenye sponji mabegani.

"Mzee ako na nguvu," Travis aliniambia aliporudi. Akaumaliza upinde kwa kuujaribu kwa mkono wake mwenyewe.

Mimi nilikuwa na wasiwasi wangu. Tangu boda boda ilipomwangusha Zéphyrin, nilimwona akinyanyua birika kwa mkono wa kushoto. Kila nikimuuliza ananijibu nishughulike na vitenge vyangu ninavyouza. Kaka yangu ni mtu wa kuvaa shati nusu saa nzima kuliko kusema anaumwa. Travis sikumwambia, nikidhani ameshamshika bega akajionea.

Jumamosi ya posa wageni walijaa uani kwangu. Wali ulikuwa tayari, nyama imeiva, soda zimepoa. Joto lilimlazimisha Zéphyrin kuvua koti, na mabega nayo yakabaki kwenye kiti. Akasimama, akaulenga mgomba wa jirani uliokuwa mwisho wa ua, akavuta. Upinde ukainama kidogo tu, kama mtu anayeitikia salamu ya asiyempenda. Akavuta tena. Jasho likamtiririka, upinde haukusogea. Exaucée alinishika kiganja hadi kucha zikaingia.

Nashon, baba mdogo wa Travis, akakohoa. "Si kijana avute mwenyewe, tukule?"

Hakuna aliyecheka. Zéphyrin aliuangalia upinde, na nikajua anatafuta namna ya kuurudisha. Nilitamani ardhi inimeze.

Travis akainuka. Nilidhani atauchukua na kuuvuta, maana angeweza, na kaka yangu asingesahau aibu hiyo maisha yake yote. Badala yake akapiga magoti akiwa na suti yake mpya, akatoa mfukoni kile kipande cha chupa.

"Baba," akasema, na mpaka siku ile alikuwa anamwita Mzee tu. "Makosa ni yangu. Nilitengeneza ya mkono yangu. Naomba nikushike bega."

Zéphyrin akamgeuzia bega. "Shika basi."

Travis akamshika. Akauinua ule mkono polepole, na ulipokataa, akaacha. Kisha akakwangua. Akampa avute, akaupokea, akakwangua tena. Unga wa mti ukamwagikia viatu vyake. Soda zikapata joto, nyama ikapoa, na hakuna aliyelalamika. Nashon mwenyewe akaja kushika ncha ya upinde usitikisike.

Mwisho Zéphyrin akavuta na upinde ukamkubali, ukapinda wote sawasawa. Mshale ukaruka, ukajichomeka ardhini kabla ya kuufikia mgomba. Jambo letu halisemi mshale ufike wapi. Nikapiga vigelegele haraka, kabla mtu hajaanza ubishi.

Mkono wa kaka yangu ulibaki juu, umegoma kushuka. Travis akaupokea, akaushusha taratibu.

"Bega hii inaniuma tangu mwaka jana, mutoto yangu," Zéphyrin akasema, kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Usiku siko nalala."

"Jumatatu nitakupeleka hospitali, Baba."

"Uje mapema."

Mwaka mzima nimemuuliza, mimi dada yake wa tumbo moja, nikajibiwa vitenge. Leo amemwambia Mjaluo. Wivu ulinishika, siwezi kuukana, lakini furaha iliushinda nguvu. Nikajifuta macho kwa ncha ya kitenge na kuwaambia wasichana wapashe nyama moto.