Mtumishi Asiyeonekana

Fabian aliteremshwa kutoka mlimani hadi Rau, mjini, mwaka 1997, baada ya kuanguka kutoka kwenye mti wa mringaringa akipogoa matawi yaliyofunika kahawa ya baba yake. Miguu haikuamka tena, na kiti cha magurudumu hakikuweza kupanda njia za mlimani kwao Kibosho. Akabaki mjini kwa shangazi yake Gladness, aliyeondoka alfajiri kwenda kuuza ndizi sokoni na kurudi giza likiingia.

Siku aliyoingojea Fabian ilikuwa Jumamosi. Mudrik, fundi redio wa Majengo aliyesoma naye sekondari, alikuja kwa baiskeli na mchezo waliofundishwa na mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka ng'ambo: kitabu kilichochakaa, dadu za pande nyingi, na hadithi waliyoitunga wakiicheza. Mudrik alisimulia mapango na hatari zake. Fabian, ndani ya hadithi, alikuwa mtu mwenye nguvu za ajabu. Walimwita mganga, maana neno mchawi shangazi asingelivumilia nyumbani kwake.

Katika nguvu zote za mganga, Fabian alipenda ile ya kumwita mtumishi asiyeonekana. Mtumishi alichota maji, akawasha moto, akafungua masanduku yenye mitego ya sumu bila kudhurika. Mara moja alitangulia kwenye sakafu iliyooza akiburuta gunia la mawe, sakafu ikaporomoka, mganga akasalimika. Walicheka mpaka jirani akachungulia.

Jumamosi moja mganga alinaswa shimoni.

"Namwita mtumishi," Fabian alisema. "Aninyanyue."

Mudrik alifungua kitabu ingawa alijua jibu. "Hana nguvu hiyo. Ndoo ataibeba, mtu hapana. Hapigani, haongei, haendi mbali na bwana wake. Saa ikiisha, anatoweka."

"Hata akijaribu?"

"Hata akijaribu, Fabi."

Mudrik, akizikusanya dadu, akasema kaka yake amempatia kazi Holili, mpakani, kwenye duka la vipuri, na anahama wiki hiyo. Mchezo alimwachia Fabian.

Fabian akaanza kucheza peke yake. Alisimulia pango, kisha akaliingia. Lakini alijua kilichokuwa nyuma ya kila mlango, na dadu hazikuwa na la kumwambia. Akabaki kumtuma mtumishi tu. Fungua dirisha. Leta chai. Alikuwa akisema hivyo kwa sauti, jioni, shangazi alipoingia na tenga lake.

"Unaongea na nani?"

"Na mtumishi. Wa kwenye mchezo."

Shangazi Gladness alikaa bila kuvua viatu. Pengine aliogopa uchawi. "Anafanya nini huyo?"

"Anapika, anafua, anazima taa. Hachoki."

"Mimi nachoka," alisema shangazi, bila hasira.

Akakivuta kiti chake mezani. "Haya, nami nicheze. Yuko wapi sasa?"

"Mlangoni. Anangoja kazi."

"Mwambie akae."

"Hawezi kukaa, shangazi. Kitabu kinasema anafanya kazi tu."

"Mwambie."

Fabian akamwambia. Akasimulia jinsi mtumishi alivyokwenda kwenye kigoda karibu na moto, na jinsi kigoda kilivyolia kidogo. Alikuwa akitafuta maneno ya kueleza ule moto aliposikia pumzi za shangazi zimebadilika. Alikuwa amelala, kichwa juu ya mkono, matope ya soko bado viatuni. Akamfunika kitenge, akangoja aamke ili wale. Hakuamka upesi.

Asubuhi Fabian alikuta chupa ya chai na viazi mezani, na nyumba tupu. Siku hiyo alijaribu kumenya ndizi za supu ya mtori akiwa kwenye kiti chake. Alijikata kidole, lakini sufuria ikajaa. Shangazi alipoiona alisema asante, wakala, kisha akaenda kulala. Kuhusu mchezo hakuuliza tena, na Fabian hakumwomba.

Mudrik alikuwa amesema angekuja Pasaka. Pasaka ikapita. Jumamosi Fabian alijisukuma mpaka kibarazani, akakaa akitazama barabara aliyozoea kuja nayo Mudrik kwa baiskeli, watu wakimsalimia bila kusimama.