Mvua Katika Daftari la Anésie

Jumanne, tarehe 13 Februari 1996. Kulikucha bila wingu, siku ya kumi sasa, na udongo wa bonde la Luiche ulikuwa umeanza kupasuka katikati ya msimu wa mvua. Anésie alimwagilia tuta la mwisho la nyanya, akasali kwa kifupi debe likiwa bado mkononi, kisha akapeleka daftari lake la hesabu ya maji ya Januari kwa karani wa maji.

Karani Bonifasi alikuwa ameketi ukingoni mwa mto, wakulima wamemzunguka. Kila mmoja aliruhusiwa kuchota madebe elfu moja mia mbili kwa mwezi. Aliyezidisha alizuiwa hadi Aprili. Wengi walikisia tu: asubuhi ishirini, jioni ishirini, basi. Anésie hakuweza kukisia. Jioni alisoma elimu ya watu wazima kanisani Katubuka, na huko alijifunza kupima eneo. Januari nzima alitega kopo shambani, akapima mvua kwa rula, akaizidisha kwa eneo la shamba, akaigeuza kuwa madebe na kuijumlisha na ya mtoni. Aliona ni dhambi kuandika maji aliyoyabeba yeye na kuyaacha aliyoyaleta Mungu.

"Elfu mbili na mia moja," Bonifasi alisoma, akapiga mstari mwekundu. "Umezidisha. Mtoni usikanyage hadi Aprili."

"Mana yanje!" Anésie alimwita Mungu wake kwa Kirundi. "Bwana, ya mtoni ni mia sita tu. Hayo mengine ni mvua."

"Mvua?" Recho wa shamba la jirani alidakia. "We mama, umemwandikia Mungu risiti?"

Watu wakaangua kicheko. Hata Anésie alitabasamu kidogo. "Nimekosea, bwana. Toa ya mvua, yatabaki mia sita."

"Fomu yangu haina safu ya mvua. Ina jumla, na jumla umeiandika mwenyewe."

"Nyanya zimetoa maua. Siku tano bila maji, yote yatadondoka. Wanangu watatu watakula nini?"

Mzee Gervasi, Mha mwenyeji aliyempa kipande kile cha shamba alime, alikohoa. "Bonifasi mwanangu, mtu ataibaje mvua?"

"Shikamoo mzee, lakini usiniingilie kazi." Akamgeukia Anésie. "Na wewe, kibali chako cha kukaa nje ya kambi ya wakimbizi kiko wapi? Au nikawaulize wakuu wa kambi?"

Kicheko kilikatika. Recho akatazama chini. Kibali kilikuwa kimekwisha tangu Desemba, na wote walijua.

Anésie alilichukua daftari. Akafunua ukurasa mwingine, mweupe, na kuandika tarehe ya kesho. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo:

"Mzee Gervasi, Recho, na nyote mlio hapa, muwe mashahidi wangu. Kesho alfajiri nitachota madebe arobaini mtoni, nami nitayaandika yote. Karani akija na askari, atanikuta shambani."