Kiti cha Mtukufu Mezagogo

Ukiwafuata ndege waliokosa tawi la kutua, mwisho utafika Pukutika, nchi ya vilima vilivyonyolewa vipara na kilima kimoja tu chenye nywele. Juu ya vipara hivyo zilijipanga kasri za Wazee wa Shoka, nguzo zake za mninga, dari zake za mvule, hata mabanda ya mbwa wao ya mpingo. Na katika kasri iliyozidi zote alikaa Mtukufu Mezagogo, ambaye hakuna raia aliyewahi kumwona amesimama, kwa kuwa kiti chake chenye simba wawili waliochongwa ndicho kilichokuwa utawala wenyewe. Chemchemi zilizokuwa zikibubujika chini ya misitu zilikuwa zimekwenda zao bila kuaga.

Kilima chenye nywele kilikuwa cha bibi mmoja, jina lake Siwema. Misaji yake aliipanda ikiwa mifupi kama vidole vyake, akaipalilia, akazeeka nayo. Sasa paa la nyumba yake lilikuwa limeoza, kila mvua ikimkuta akihamisha kitanda kona hadi kona. Akaazimia kuuza miti mitano apate kuezeka mabati, iliyobaki awaachie wajukuu.

Lakini siku hizo wanunuzi wa Ng'ambo walikuwa wamegoma kununua mbao za misitu inayoteketezwa. Walitaka kila gogo libebe kibandiko chenye madoadoa, ili simu ikikimulika gogo litaje shamba lilikozaliwa. Wazee wa Shoka walitetemeka usiku mmoja, kulipokucha wakacheka. Waziri wa Vibandiko alikipanda kilima cha Siwema, akalipima shamba kwa simu, akamsifu bibi kwa uzalendo, kisha akashuka akachapa vibandiko vya shamba lile lile na kuvibandika kwenye magogo yote yaliyoibwa Msitu wa Chemchemi, ambako shoka lilikuwa marufuku. Naye Mtukufu, kwa kupenda kuonekana msafi kuliko wenzake, akaamuru kila ubao wa kasri yake ubandikwe vivyo hivyo.

Basi Siwema alipokwenda kwa Bwana Hesko, wakala wa Ng'ambo, Hesko alitazama simu yake akakunja uso.

"Bibi, shamba hili limeshakatwa. Lote limeuzwa."

"Limekatwa lini, mwanangu? Nimetoka kupumzika kivulini mwake sasa hivi."

"Ndivyo simu inavyosema."

"Basi twende ukaisaidie kutazama."

Hesko alikwenda, akaishika misaji mmoja mmoja, akaona haya. Miti ilikuwa hai kilimani na maiti kwenye simu. Wa kuifufua alikuwa mmoja tu, Mtukufu, akikiri kwamba mbao zile zilitoka kwingine. Siwema akajifunga kanga yake, wakaenda kasrini wote wawili.

Pukutika wana desturi yao: mgeni hakai mpaka atajiwe kisiki cha kiti chake na cha mwenyeji wake, ajue ni mti gani unaombeba.

"Karibu, bibi," alisema Mezagogo. "Kaa kigodani hapo."

"Starehe, Mtukufu. Nitakaa. Nitajie visiki kwanza."

Wazee wa Shoka wakaangua kicheko. "Viti vya siku hizi havina ukoo, bibi," alisema Waziri.

"Siku hizi ndiyo vina hasa. Bwana Hesko, hebu kiulize hicho cha simba."

Hesko akakimulika. Simu ikalia kama kifaranga, kisha ikatamka: "Shamba la Siwema, kilima cha mwisho."

Kicheko kikakatika.

"Kumbe ni mwanangu huyu," alisema Siwema, akimpapasa simba kichwani. "Sasa, Mtukufu, kama katoka kwangu ni wangu, maana sikumbuki kumuuza. Kama hakutoka kwangu, sema katoka wapi, miti yangu ihesabiwe hai, nami niende zangu."

Mezagogo akamtazama Waziri. Waziri akatazama dari, na dari nayo ilikuwa na kibandiko. Kuutaja Msitu wa Chemchemi mbele ya Hesko kulikuwa ni kulifunga soko la Ng'ambo kwa ulimi wake mwenyewe.

"Ni chako," alisema Mezagogo, akainuka. Hapo ndipo watu walipogundua kwamba Mtukufu ni mfupi.

"Ahsante, baba." Siwema akakaa. Kiti kilikuwa kizuri, mgongo wake uliona raha. "Na ile milango je?"

Hesko alikuwa ameshaifikia. Simu ikalia mlangoni, ikalia kwenye nguzo, ikalia dirishani.

"Unataka nini hasa, bibi?" Mezagogo aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nilishasema. Kisiki. Lakini usijiharakishe. Nimeungoja msaji ukakua, sembuse neno moja."

Akavua kandambili, akainyoosha miguu juu ya kile kigoda. Mtukufu alizunguka ukumbini akitafuta pa kukaa, na kila alipoinama, simu ilimtangulia kulia.

Wapo wasemao kwamba alitaja kabla jua halijatua, na wapo waapao kwamba amesimama hadi leo. Ila wapitao Pukutika hukiona kilima kile kingali na nywele zake, na mvua inyeshe vipi, Siwema hahamishi kitanda.