Kipande cha Juu ya Sikio la Kushoto

Mimi si mtu wa kuogopa mifupa. Miaka ishirini na mbili nimekaa chumba kimoja cha chini, kazi yangu kuchokoa mawe kwa sindano, punje kwa punje, mpaka mfupa wa kale ujitokeze. Ndiyo maana wenzangu wananiita Sindano. Nina mdomo, hilo nalikubali. Kwa hiyo anayedhani nimechanganyikiwa anyamaze kwanza, asikilize.

Fuvu lililompa Profesa, mkuu wetu wa kazi, sifa zake tulikuwa tunaliita Bibi. Ni la mwanamke wa zamani mno, kabla watu hawajawa watu kama sisi, enzi ambazo aina kadhaa za viumbe wa miguu miwili waliishi kwa wakati mmoja. Alitufikia ndani ya jiwe moja, vipande arobaini na tatu. Mimi ndiye niliyemtoa, mimi ndiye niliyemuunga. Kila asubuhi anayeingia chumbani anasema, "Shikamoo Bibi," mwingine anamjibia marahaba kwa sauti ya kizee, tunacheka, tunaanza kazi.

Kipande cha juu ya sikio la kushoto kilinisumbua tangu mwanzo. Kilikuwa chembamba kuliko vingine, na kilikataa kukaa. Ukingo wake mmoja ulikuwa laini, umejipinda. Nikasema huu umelambwa na maji ya mto. Profesa alikuwa juu ya kichwa changu, wageni wanakuja kesho yake. "Malizia, Sindano, malizia." Nikakilazimisha, mwanya nikauziba kwa gundi na plasta. Na kwa wembamba wa kipande kile Profesa akaandika kwamba Bibi ni wa aina mpya, tawi lake peke yake katika ukoo wa binadamu. Akapigiwa makofi kila alikokwenda.

Mwaka huu binti yangu alijifungua. Siku ya tisa nikawa namwogesha mjukuu wangu kwenye beseni, karibu na dirisha. Nikampitisha dole gumba utosini, pale panapopumua, likagusa ukingo wa mfupa chini ya ngozi. Mwembamba, laini, umejipinda. Nilikufa ganzi.

"Mama, maji yanapoa," binti yangu akasema. Nikamkabidhi mtoto na sabuni yake kichwani.

Kesho yake nilimtoa Bibi sandukuni, nikafumba macho, nikapapasa. Maji gani ya mto? Kile kilikuwa kipande cha utosi wa mtoto mchanga. Jiwe lile lilikuwa na watu wawili, na mimi, fundi mkubwa, nilimfanya mmoja kiraka cha kichwa cha mwenzake. Hana namba, hana hata mstari daftarini. Miaka yote hiyo tunamwamkia Bibi, na mtoto yumo humo humo, hakuna anayemjua.

Tangu siku hiyo chumba kilibadilika. Sikuona kitu, nisitie chumvi. Ni kimya tu, kile kimya cha nyumba ambayo mtoto amejificha nyuma ya pazia, amebana pumzi, anangoja umtafute. Nikikaa mezani nahisi uzito mapajani, na hapo ni mchana kweupe, taa zote zinawaka. Nikaanza kula chakula changu nje kwenye ngazi. Niliogopa, basi, nimesema.

Nikapanda kwa Profesa. Alibakiza wiki moja astaafu, vitabu vyake vilishaingia kwenye maboksi. Nikamweleza yote, nikangoja anifokee. Hakunifokea. Alivua miwani, akaifuta kwa tai.

"Niliona mwaka wa tatu tangu umuunge," akasema.

"Uliona nini?"

"Ule mkunjo wake. Ni wa kichwa kidogo mno. Kaa, Sindano."

"Sikai. Uliona ukanyamaza?"

"Habari zilishatoka. Kuna watu wamesomea fuvu lile, wamepata kazi kwa fuvu lile." Akashusha sauti. "Nikiwa nyumbani simhisi huyo mtoto. Ni kule chini tu. Unadhani kwa nini siku hizi sishuki?"

Ni kweli alikuwa hashuki. Sisi tulikuwa tunasema ni magoti.

"Nipe hii wiki moja," akasema. "Niondoke na heshima yangu. Baada ya hapo fanya unavyotaka."

"Ukishaondoka, aliyekosea nitakuwa mimi peke yangu."

Akavaa miwani, akaanza kufunga boksi kwa kamba, na hapo nikajua ndivyo alivyopanga. Mtu niliyemheshimu kama kaka yangu. Iliniuma, siwezi kudanganya.

Nikashuka. Gundi ile inalainishwa kwa asetoni, tone kwa tone, kwa brashi ndogo, na ukikosea mfupa unavunjika na kazi huna. "Pole mwanangu, karibu tunamaliza," nilikuwa nasema, na chumbani nilikuwa peke yangu. Saa tisa alasiri kipande kikaachia, kikaangukia kiganjani mwangu, chepesi kama ganda la yai. Bibi akabaki na tundu.

Nikangoja kile kimya kiondoke. Hakikuondoka, kilihama. Sasa kilitoka upande wa Bibi, na hakikuwa tena cha mtoto aliyejificha. Kilikuwa cha mzazi aliyezinduka usingizini, akapapasa pembeni yake, akakuta hakuna mtu.

Utaratibu wetu haubembelezi: kila mmoja na namba yake, sanduku lake, na mifupa ya watoto ina kabati lake chumba cha pili. Nikafungua daftari. Namba nikaandika. Umri: mchanga. Aina: haijulikani. Kosa la kuunganisha: langu. Aliyejua akanyamaza: nikaandika jina la Profesa kwa ukamilifu.

Ikabaki sehemu ya mahali pa kuhifadhi. Nikatandika pamba ndani ya sanduku la Bibi, nikamlaza mtoto kando yake, nikaandika, "Kwa mama yake." Hakuna mfupa hata mmoja unaothibitisha hilo. Huenda mto ndio uliowakutanisha, hawajuani, hata aina yao si moja. Nililijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote, na bado nikaandika kwa wino, nikatia sahihi.